Trekta ya baba imelala chini ya mwembe

"Shikamoo mzee. Nimezaliwa upande wa Marafa, sasa nafanya kazi Mombasa. Marehemu baba alikuwa na trekta, Massey Ferguson 135, aliyoinunua mwaka 1984 ikiwa imeshatumika. Tulipokuwa wadogo alikuwa akinipakia juu ya madigadi, tukalima usiku kabla ya masika. Sijasahau ule mlio, jinsi trekta ilivyoegemea upande mmoja, mkono wake wa kulia uliokuwa hautulii kwenye kijiti cha kando ya kiti, harufu ya udongo, na yangeyange asubuhi. Jioni aliiegesha juu ya mwinuko, hata siku moja hakuiacha tambarare. Aliugua mwaka 2012 na tangu hapo haijawashwa, iko chini ya mwembe. Kaka yangu mkubwa anataka kuwauzia wanunuzi wa chuma chakavu. Fundi wa jirani anasema tutie mafuta ya taa kwenye tangi, tulete lori, tuivute mpaka ishike. Watu wananiambia trekta za zamani zilikuwa na nguvu kuliko hizi za sasa. Ni kweli? Nataka ilime tena ekari zetu sita, na mwanangu wa miaka saba akae pale nilipokaa mimi. Au ni mapenzi tu yananidanganya?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Nianze na hilo lori, kwa sababu ndilo linaloweza kuleta hasara kesho asubuhi: usikubali trekta ivutwe. Piga simu nyumbani leo, mwambie kaka yako na huyo fundi wangoje. Mengine tutayazungumza polepole.

Unauliza kama mapenzi yanakudanganya. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ninachokiona ni kwamba yule mtoto juu ya madigadi alikuwa akiitazama kazi ya trekta vizuri kuliko madereva wengi niliowahi kuwafundisha. Kila ulichokikumbuka kina sababu yake ndani ya kile chuma. Nitakueleza moja moja, kwa kuwa ukishaelewa baba yako alikuwa akifanya nini utajua pia kipi kinaweza kurudi na kipi kibaki ukumbusho.

Chukua ule mlio. Injini ya 135 ni Perkins ya dizeli yenye silinda tatu, ujazo wa lita mbili na nusu, nguvu ya farasi kama 45. Silinda tatu zina mdundo wake, si laini kama wa nne, na aliyeuzoea huutambua akiwa ng'ambo ya pili ya shamba. Lakini nadhani kilichokukaa moyoni ni kule kubadilika kwa sauti. Ndani ya pampu ya dizeli mna kifaa kinachoitwa gavana. Baba alikuwa akiweka kijiti cha mafuta mahali pamoja mwanzo wa mstari, asikiguse tena mpaka mwisho. Plau ikikutana na udongo mgumu, mwendo wa injini hushuka kidogo. Gavana huhisi, huongeza dizeli, na injini hujikaza ikarudi kwenye mwendo wake. Sikio husikia sauti ikizama, ikanguruma, kisha ikainuka. Dereva mzuri hulisikiliza shamba lake kwa mlio huo. Usiku, na taa moja tu ya mbele inayofanya kazi, alikuwa akijua wapi udongo umeshikamana na wapi ni mchanga mtupu bila kugeuza shingo.

Kuegemea upande mmoja ni jambo rahisi. Magurudumu ya kulia hupita ndani ya mfuo uliokwisha kulimwa na ya kushoto hubaki juu ya ardhi isiyoguswa, kwa hiyo trekta nzima hulala kulia. Jaribu kukumbuka vizuri: naamini alikukalisha madigadi ya kushoto. Kulia ndiko viliko vijiti vya haidroliki, na asingekuweka njiani mwa mkono wake.

Na mkono huo ndio kiini cha mambo yote. Kabla ya Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, plau ilikuwa ikifungwa nyuma ya trekta kama trela. Trekta ilibidi iwe nzito sana ili isiteleze, na plau ikinasa kwenye kisiki, trekta iliweza kuinuka mbele ikampindukia dereva. Katika miaka ya 1920 na 1930 Ferguson akaifanyia kazi fikra nyingine: plau ishikwe na mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, iwe kiungo cha trekta yenyewe. Plau inapovutwa ardhini, nyayo zake hukokotwa nyuma na kichwa chake husukuma mbele, na msukumo huo hupita kwenye ule mkono wa juu mpaka kwenye springi kubwa iliyo nyuma chini ya kiti. Udongo ukiwa mgumu, springi hubanwa zaidi, valvu ya haidroliki hufunguka, na plau huinuliwa kidogo, labda upana wa vidole viwili. Udongo ukilainika, hushuka tena. Mashine inajipimia mzigo wake.

Kuna faida ya pili, na hii ndiyo wengi hawaijui. Haidroliki inapoinua plau kidogo bila kuitoa ardhini, uzito wa plau, wa udongo ulio juu yake, na hata sehemu ya uzito wa pua ya trekta, vyote huhamia kwenye magurudumu ya nyuma. Hapo tairi huuma. Ndiyo sababu trekta ndogo kama ile iliweza kulima pale ambapo nyingine kubwa ilikuwa ikichimba mashimo kwa kuteleza. Ferguson alitengeneza trekta zake ndogo za kijivu kule Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946, na 135 ya baba yako ni mjukuu wa hizo: ilianza kuundwa mwaka 1964 na kuendelea katika miaka ya 1970, kwa sehemu kubwa katika kiwanda kilekile cha Coventry.

Sasa, kama plau yenu ni ya sahani, na kwa mashamba ya Marafa yaliyofyekwa kutoka msituni nadhani ni ya sahani, mkono wa baba ulikuwa na kazi zaidi. Sahani hupanda juu ya mizizi na visiki badala ya kukatika, ndiyo maana zilipendwa huku kwetu. Lakini sahani haijivuti chini kama jembe lenye ncha; huzama kwa uzito wake na kwa pembe iliyotegwa, kwa hiyo ile springi haipati habari za kutosha na dereva hulazimika kumalizia kwa mkono. Huko kutotulia ulikokuona ni mzee akiirekebisha trekta hatua kwa hatua, kidogo juu, kidogo chini, usiku kucha. Trekta zile hazina kiti cha kuegemea wala kivuli. Mimi nilianza kushika spana mwaka 1976, na kazi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa kutembea mbele ya trekta na taa ya kandili nikionyesha visiki. Kumekucha, yangeyange wametanda kwenye mifuo wakiokota funza na panzi, dereva ameshuka miguu ikitetemeka, amekaa juu ya plau na birika la chai na mahamri, na udongo uliogeuzwa unafuka mvuke kwa umande. Kwa hiyo unapoandika "harufu ya udongo" unamwandikia mtu anayeijua.

Je, zilikuwa na nguvu kuliko za sasa? Hapana. Farasi 45 ni wachache ukilinganisha na trekta nyingi zinazolima kwa kukodishwa Malindi leo. Ila zilikuwa nyepesi, zilihamisha uzito vizuri, na kila kitu ndani yake kinafunguka kwa spana bila kompyuta. Na ukumbuke watu walikuwa wakizilinganisha na nini. Pwani yetu ng'ombe wa kulima hawakuenea kama bara, na mbung'o ni sababu mojawapo kubwa. Wazazi wetu wengi walitoka kwenye jembe la mkono moja kwa moja wakaona trekta. Mtu aliyelima robo ekari kwa mgongo wake kwa siku nyingi, akaona ekari nzima imegeuzwa kabla chai haijapoa, ataizungumzia mashine hiyo kama simba mpaka anaingia kaburini. Ana haki.

Turudi kwenye mwinuko aliokuwa akiegeshea, kwa kuwa hapo ndipo ushauri wa jirani yako ulipopotoka. Dizeli haihitaji cheche. Hewa ikibanwa vya kutosha hupata moto wa kuiwasha yenyewe, hivyo trekta yenye betri dhaifu ukiiachia mteremko ndani ya gia inawaka. Baba alikuwa na betri iliyochoka, basi. Lakini injini aliyoiwasha vile ilikuwa imezimwa jana yake jioni, kuta za silinda zikiwa na oili, pistoni zikiwa huru. Ya kwenu imelala tangu mwaka 2012. Oili imeshuka yote chini. Unyevu wa mvua umeingia kupitia bomba la moshi, na katika silinda ambayo valvu zake zilibaki wazi huenda ringi za pistoni zimeshikana na ukuta kwa kutu. Lori halijui hilo. Lori litavuta, magurudumu yatazunguka, gia itailazimisha krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, na kitu kilichoshikana kitavunjika.

Nasema kwa uchungu. Mwaka 1989 niliikubali kazi ya kuvuta trekta iliyolala miaka mitano tu, upande wa Ganda. Mwenyewe alikuwa na haraka, na mimi sikuwa na moyo wa kumkatalia mtu mzima. Ikavutwa hatua kumi hivi, ikalia mara moja kama mtu aliyepigwa kofi, na mkono wa pistoni ukatoboa ubavu wa bloku. Oili nyeusi ikatiririka mchangani. Injini ile ingepona kwa wiki moja ya subira.

Mafuta ya taa nayo usitie. Pampu ya dizeli ya trekta ile hulainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine. Mafuta ya taa ni makavu kwake, na vipande vyake vya ndani vimeshonana kwa usahihi mkubwa mno kuvumilia ukavu. Tangi lifunguliwe, dizeli ya zamani imwagwe yote pamoja na maji na ule ute mweusi wa chini, lisuguliwe, lioshwe kwa dizeli safi, likaushwe.

Hivi ndivyo ningefanya mimi kama ningekuwa pale chini ya mwembe. Kwanza kuangalia nyoka na nyigu, si utani, maana boneti iliyofungwa miaka mingi ni nyumba ya watu. Panya hula nyaya na nyigu wa udongo hujenga ndani ya kichujio cha hewa na kwenye bomba la moshi. Kisha ningefungua skrubu ya chini ya oili ya injini, polepole, na beseni chini yake. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, hivyo kitakachotangulia kutoka kitakwambia mengi. Vijiko viwili vitatu vya maji ni jasho la miaka, usiogope. Likitoka jagi zima, au oili yote ikiwa nyeupe kama tui, maji yalipita kwenye gasketi, kwenye mpasuko au kwenye bomba la moshi, na injini itabidi ifunguliwe. Ukiona chembe zinazong'aa, vivyo hivyo.

Baada ya hapo nozo tatu, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda, zing'olewe. Kwenye kila silinda tia mchanganyiko wa dizeli na oili nyepesi, kikombe kidogo cha kahawa kinatosha, uache siku tatu, nne, hata wiki. Usiguse. Halafu shika nati ya mbele ya krenki kwa spana ndefu na ujaribu kuizungusha kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo, bila kurukia spana. Ikisogea hata upana wa kidole umeshinda; ongeza mchanganyiko, ngoja, rudia, mpaka izunguke duara zima mara kadhaa. Hakuna wakati mtamu katika kazi hii kama ule, pale chuma kilichokufa kinapokubali mkono. Isiposogea kabisa baada ya wiki mbili za kuloweka, acha. Hapo umefika mwisho wa kazi ya nyumbani, na fundi wa injini lazima aje na vifaa vyake.

Ikizunguka, tia oili mpya na kichujio kipya, maji safi kwenye rejeta, betri nzuri, na uzungushe kwa staata huku kijiti cha kuzimia kimevutwa ili dizeli isiingie, mpaka geji ya oili ipande. Usiiwashe kabla geji haijapanda. Hewa iliyomo kwenye mabomba ya dizeli itolewe kwa kupampu na kile kikono kidogo cha pampu ya kuvutia, skrubu zikilegezwa kuanzia kichujio, kisha pampu, mwisho nati za nozo, mpaka dizeli itoke bila mapovu. Na mtu mmoja asimame karibu na njia ya hewa ameshika kipande cha mbao bapa. Pampu iliyolala muda mrefu huweza kukwama wazi, na injini ikaanza kukimbia isizimike. Ukiinyima hewa itakufa. Isiwe kiganja cha mtu, iwe mbao.

Kuna jambo jingine ambalo nakuomba ulishikilie hata wakikucheka. Trekta hiyo ina swichi ya usalama: staata haigeuki mpaka kile kijiti cha gia kubwa na ndogo kiwe mahali pake pa kuwashia. Swichi ikizeeka, mafundi huipita kwa kugusanisha nati za staata na bisibisi, wakiwa wamesimama chini, mbele ya gurudumu la nyuma. Trekta ikiwa ndani ya gia itawaka na kumpanda hapohapo. Watu wamekufa hivyo sehemu nyingi za dunia, wakiwemo mafundi wenye miaka mingi ya kazi. Isitoshe, klachi ya trekta iliyolala huwa imegandana na flaiwili kwa kutu, kwa hiyo hata ukikanyaga pedali usiitegemee. Zuia magurudumu kwa magogo, kaa kitini, washa kwa ufunguo. Swichi ikiwa mbovu, inunuliwe nyingine; ni kitu kidogo.

Itakapowaka, mtashangilia, kisha mtajaribu kuinua mikono ya nyuma na haitainuka. Nakuambia mapema ili msimlipe mtu bure. Pampu ya haidroliki ya 135 iko ndani ya tumbo la trekta na huzungushwa na shafti ya PTO, ile inayotoka nyuma ya trekta kuendesha mashine nyingine. Kijiti cha PTO kikiwa katikati, pampu haizunguki kabisa. Nimeitwa zaidi ya mara moja kusafiri nusu siku kwenda "kutengeneza haidroliki", nikasukuma kijiti kimoja, mikono ikapanda. Kama baada ya hapo bado haipandi, angalia oili ya nyuma: inatumika kwa gia na haidroliki kwa pamoja, na maji ya mvua huingia kupitia mpira uliochanika wa kijiti cha gia. Ikiwa nyeupe, imwagwe yote.

Spea usiogope sana. Injini ile iliigwa na kuundwa kwa leseni sehemu nyingi. Yugoslavia ya zamani waliitumia, na Pakistan wameendelea kuifunga kwenye Massey Ferguson 240 miaka mingi baada ya Uingereza kuacha 135. Ndiyo sababu pistoni, ringi na gasketi bado zinapatikana Mombasa na Nairobi. Chukua nambari iliyochongwa kwenye injini kabla ya kununua chochote, na ung'oe kile cha zamani uende nacho mkononi. Pampu ya dizeli na nozo msifungue nyumbani. Zinahitaji mashine ya kupimia, na Mombasa wapo wenye kazi hiyo. Breki pia zikaguliwe na mtu anayezijua, pamoja na usukani. Ikiwa matairi ya nyuma yalijazwa maji kuongeza uzito, kama walivyokuwa wakifanya wengi, rimu za chuma huenda zimeliwa kwa ndani bila nje kuonekana.

Sasa shamba. Ekari sita trekta hiyo itazilima kwa siku mbili za kazi ya utulivu, ikiwa imepona. Kulima kwa kukodisha mashamba ya watu nisingekushauri. Kwa farasi 45 na umri ule utakula faida kwenye spea. Na hata kwenye ekari zenu, nakuomba usirudie kila alichofanya baba. Udongo wenu ni mwekundu wa kichanga, hauna gundi, na mvua ya masika huubeba. Huhitaji kwenda mbali kuona maji yanaufanya nini: yale makorongo ya Marafa wanayoyapiga picha wageni yamechimbwa na mvua. Lima kukinga mteremko, usiteremke nao. Usigeuze udongo mara mbili kwa kutaka shamba lipendeze. Na kama plau imepita kina kilekile kwa miaka ishirini, chini yake mna tabaka gumu kama sakafu; chimba shimo la goti sehemu mbili tatu utaiona, mizizi ya mahindi inafika hapo inapinda. Afisa wa kilimo wa wadi yenu anaweza kuja kuliangalia nawe. Huenda akakwambia pojo na mihogo yako inahitaji kuchanwa kwa jino moja tu na si plau.

Mtoto juu ya madigadi: hapana, mwanangu. Najua hilo ndilo ulilolitaka kuliko yote, na sikuandikii kama mtu asiyejua utamu wake. Lakini madigadi ni bamba laini lililoinama juu ya gurudumu zito linalozunguka, na nyuma ya gurudumu kuna plau. Gurudumu la kulia likipita kisikini, mtoto hurushwa kabla baba hajainua mguu. Wewe ulishikilia, ukapona. Wapo wa rika lako ambao hawakupona, na wazazi wao hawakuwapenda kidogo. Tena trekta hiyo haina fremu ya kumlinda hata dereva ikipinduka. Sweden walianza kulazimisha fremu hizo kwenye trekta mpya mwaka 1959, Uingereza mwaka 1970, na nyingi za kwetu zilikuja bila. Mafundi wa kuchomelea wasikufungie mabomba ya kawaida wakayaita fremu. Ifungwe iliyojaribiwa, pamoja na mkanda. Mwanao mkalishe kitini injini ikiwa imezimwa, umwonyeshe springi na vijiti, na trekta ikilima mkae naye kwenye kivuli cha mwembe mkiusikiliza mlio. Mwambie afumbe macho akwambie ni wapi udongo mgumu. Atakwambia.

Kuhusu kaka yako, usimwone adui. Mtu anayeishi na trekta bovu uani kila siku huiona tofauti na anayeikumbuka akiwa Mombasa. Ila mali ya marehemu si ya mmoja. Mirathi ikamilishwe, mahakamani au kwa kadhi kulingana na dini yenu, na kadi ya trekta itafutwe, ndipo muamue. Mwambie pia kwamba wanunuzi wa chuma chakavu watalipa kwa kilo, na 135 nzima, hata isiyowaka, ina wanunuzi wanaoijua watakaolipa zaidi. Kwa hiyo hata kama mwisho mtaiuza, hasara ya kungoja wiki tatu ni ndogo. Na kama bloku imepasuka, au maji yameingia mpaka kwenye gia, nitakuwa wa kwanza kukwambia muiuze ilivyo kwa mtu mwenye nyingine kama hiyo. Itaendelea kulima ikiwa ndani ya mwenzake.

Jumamosi ukifika nyumbani, usianze na betri. Chukua beseni jeupe, liweke chini ya ile skrubu ya oili, ilegeze taratibu, kisha uniandikie kilichotangulia kutoka na kilikuwa kiasi gani.